Siku ya Tano ya Fungate

Karani mmoja wa ghala la boriti hapa Amu amezikwa Jumatano baada ya alasiri. Wasomaji wengi hawakumjua, wala yeye hakupenda kujulikana. Mimi nilisoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Vita vya dunia vilipokwisha alifanya kazi miaka michache Aden, katika afisi ya meli, akarudi na ada moja iliyotuudhi: kazi ikisha, haizungumzwi. Kule, alitueleza, kengele ikilia mlango hufungwa, na bwana mkubwa akikukuta sokoni hakuulizi habari za afisi. Lakini babake alipofariki huku, alinyimwa ruhusa ya kuja kuzika. Tajiri aliyemwajiri hapa Amu alikuwa kinyume kabisa. Mfanyakazi akifiwa, ghala hufungwa na tajiri hukaa matangani siku tatu. Ndiye hata aliyemposea karani mke na kusimamia karamu ya walima. Kwa hiyo aliuona mlango wa karani kuwa ni wake pia, saa yoyote.

Basi karani akaoa. Kwetu bwana harusi hukaa ndani siku saba, hatoki wala haitwi. Siku ya tatu ya fungate tajiri akaja kuuliza boriti zipi zipakiwe kwanza. Karani akamjibu kutoka dirishani kwamba hayuko kazini. Tajiri alisimama pale barazani, wapita njia wakimtazama, kisha akaapa kwamba karani hatakanyaga tena ghalani kwake.

“Ada ya nti gani hiyo,” aliniuliza nilipokutana naye, “mtu kumfungia mlango aliyemuoza?”

Mimi, msuluhishi wa kujiteua, nikaona ugomvi huo usiachwe ukakua. Siku ya tano nikaenda kumgongea karani. Akatoka kwa kunionea haya tu, tukafuatana hadi ghalani, akaomba radhi, na kwa kuwa chombo kilikuwa kikingoja, akashika kazi papo hapo. Tangu siku hiyo nimekisimulia kisa hiki kila penye watu, nikimalizia kwamba Aden wanaheshimu saa ya mtu, sisi twamheshimu mtu mwenyewe. Niliipenda sana kauli hiyo.

Juzi nilikwenda kumpa pole mjane, naye akanisikiliza nyuma ya pazia, kama ilivyo kwa mwenye eda. Sijui nani alinituma kumkumbusha jinsi nilivyoiokoa kazi ya mumewe.

“Bwana, tajiri alipokuja, mume wangu alikataa kutoka,” alisema. “Aliyemtoa ni weye.”

Akaniambia, bila hasira, kwamba siku zile zilizobaki hawakuzipata tena, na kwamba tangu hapo mumewe hakumkatalia mtu mlangoni. Akigongewa alitoka, hata akiwa anakula, hata akiwa na homa.

Niliona haya, na bado naona. Nimeandika mengi humu gazetini juu ya wageni wasiojali maisha ya wafanyakazi wao. Mimi sikuwa hata mwajiri wake. Nilikuwa rafiki mwenye nia njema, na ndimi niliyemfundisha kwamba hana siku iliyo yake.