Sukari Ghafi Katika Kikapu cha Posa

Kila ninapokoroga chai, mjukuu wangu, hunijia Ijumaa moja ya ujana wangu, nilipokaa barazani kwa watu huko Mtoni nikitazama maziwa yakikatika vikombeni, na posa yangu nayo ikielekea kukatika. Sogea nikusimulie. Najua umerudi kutoka masomoni na maswali kifua tele, na mie sitakwambia uyameze. Wazee wengi wangekwambia hivyo. Mie nilikuwa kama wewe, na sehemu kubwa ningali vilevile.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha miaka michache tu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Uganda, nakaa Kinondoni kwa mjomba wangu Mzee Kondo, nafanya ukarani bandarini. Nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikuweza kuliacha neno lipite bila kulichokonoa. Ukiniambia mkono mtupu haulambwi, nakuuliza aliyeanza kusema hivyo alikuwa na njaa gani. Mjomba alizoea. Alikuwa akinitazama tu, kisha anaendelea na kahawa yake.

Pale bandarini zilikuwa zikipita meli kutoka Mauritius. Zilikuja kupakia katani yetu, huku zimekwisha kusheheni magunia ya sukari ghafi ya miwa: ya kahawia, yenye unyevu, inayonukia kama muwa uliobabuliwa na moto. Ilikuwa inapelekwa Uingereza. Huko inasafishwa mpaka inakuwa nyeupe, na nyingine inapakiwa tena melini kuja kuuzwa huku kwetu kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Nikajiuliza: aliyekata muwa ni jirani yetu, sote tunaoga bahari moja, anayeinywa kwenye chai ni mama yangu, kwa nini basi sukari izunguke nusu ya dunia ndipo ifike kikombeni? Na faida ya mzunguko wote huo inabaki mfukoni mwa nani?

Swali lilikuwa zuri, mwanangu, na hata leo silijutii. Tatizo ni mahali nilipolipeleka.

Kule Mtoni alikuwako binti anaitwa Mwanahawa. Baba yake, Maalim Hamisi, alikuwa akifundisha watoto Kurani, na pombe hakutaka hata kusikia ikitajwa mbele yake. Nilimwona Mwanahawa arusini, akanicheka nilipokuwa nabishana na mpiga zumari. Tangu siku ile sikuwa na raha. Mzee Kondo akakubali kuwa mshenga wangu, na upande wa pili ukakubali kutusikiliza. Ilibaki kikapu. Desturi yao ilikuwa upeleke sukari nyeupe na kahawa, kuonyesha nia safi. Wakipokea na kuonja, mazungumzo yamefunguka. Wakirudisha kikapu, usirudi tena.

Wiki ileile magunia machache ya sukari ghafi yalilowa bandarini, yakanadiwa. Nikanunua moja. Ndiyo, mwanangu, ndiyo niliyoijaza katika kikapu cha posa. Nilitaka ukweni wajue tangu siku ya kwanza kwamba wanapata mtu mwenye fikra.

Mzee Kondo akachungulia kikapuni. "Abdala, hii sukari au udongo wa kufinyangia?"

"Ni sukari kabla haijatawaliwa, Mjomba."

"Mie mshenga, si mpiga hotuba. Wakiuliza niseme nini?"

"Waambie hii na ile nyeupe ni baba mmoja mama mmoja. Moja tu imepelekwa Ulaya ikarudi na maringo."

"Kama wewe uliyekwenda Uganda," akasema, akapanda baiskeli.

Alirudi kabla ya magharibi, na kikapu kimefungwa tena kwenye kiti cha nyuma. Hakutukana. Alikaa, akavua kofia, akanawa uso kwanza.

"Wamekifungua mbele ya wanawake wote," akasema. "Mmoja akanusa, akapiga ukelele: 'Ya Rabi, hii si ya kupikia gongo?' Nyumba ya Maalim hiyo, Abdala! Nyumba ambayo togwa likilala siku mbili linamwagwa! Nikaanza kuwaeleza habari zako za meli. Shangazi mtu akaniuliza kama kuna meli inayooa."

"Kwa hiyo wamekataa?"

"Maalim amekataa. Mama yake huyo Maalim, Bi Tatu, amemwambia asubiri. Anataka twende Ijumaa, wewe na hiyo sukari yako."

Sikulala vizuri wiki ile. Si desturi kijana kufika mwenyewe ukweni kabla ya majibu, na nilijua sitapewa nafasi ya tatu.

Ijumaa baada ya sala tukakaa barazani. Nikampa Maalim shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anatazama barabara ya Kilwa. Bi Tatu alikuwa mwembamba, amejitanda kanga, mdomo umejaa tambuu.

"Huyu ndiye mwenye meli?" akauliza.

Wanawake nyuma ya pazia wakacheka. Mie nikaona ndiyo ruhusa ya kusema. Nikasema, mwanangu! Nikaanzia mashambani Mauritius, nikaingia viwandani Uingereza, nikarudi na bei za dukani Temeke. Bi Tatu alinisikiliza mpaka mwisho. Wachache sana wamewahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri," akasema. "Sasa niambie. Huko bandarini una bwana mkubwa wa Kizungu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Haya yote umemwuliza yeye?"

"Hapana, Bibi."

"Kwa nini?"

Nikainama kuokota kofia iliyokuwa haijaanguka. Chuo kizima cha Uganda hakikunisaidia.

"Basi unamwogopa. Hulaumiwi, mwenye rungu huogopwa. Lakini ugomvi wako naye umeufunga kwenye baiskeli, ukampa mjomba wako, mtu mzima, auchukue mpaka hapa atukanwe yeye. Unajua alitokwa jasho namna gani?"

Nikamtazama Mzee Kondo. Alikuwa anakunjua na kukunja kofia yake. Hapo ndipo niliposhikwa na haya ya kweli, kuliko ile ya kukataliwa.

"Haya," akasema Bi Tatu. "Umesema ni sukari, tutainywa."

Ikaletwa chai ya maziwa imechemka vizuri. Ikatiwa sukari yangu, ikakorogwa. Yakatokea mabonge meupe yakielea juu, na chini maji ya rangi ya tope. Tukavitazama vikombe, kila mtu na chake.

Maalim akasema taratibu, "Abdala, na maziwa nayo yametawaliwa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Na mie nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyeteleza sokoni. Kisha Maalim akaweka kikombe chini. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mzee Kondo," akasema, "nadhani jibu mmeliona wenyewe."

Mjomba akaanza kunyanyuka. Nami nikaanza kunyanyuka.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Baba, sukari imelowa ikachachuka kidogo, ndiyo maana imekata maziwa. Itiwe kwenye chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na tangawizi."

Vichwa vyote vikageukia pazia. Mwali hasemi siku ya posa yake.

"Nani kakuuliza wewe?" akasema Bi Tatu.

"Hakuna, Bibi. Lakini huyo naye hakuulizwa, mbona kasema saa nzima?"

Mwanangu, nimesikia vicheko vingi maishani, lakini cha Maalim Hamisi siku ile sijakisikia tena. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu. Chai ya mkandaa ikaja, nyekundu, tangawizi inapanda puani, na sukari ile ikakaa ndani yake kama iliyofika nyumbani. Maalim akanywa mpaka tone la mwisho, akasogeza kikombe kiongezwe.

Bi Tatu akatema tambuu. "Watu husema kimya cha mwali ndiyo ridhaa. Huyu wetu karidhia kwa maneno. Tufanyeje sasa?"

"Wiki ijayo kikapu kije cheupe," akasema Maalim. "Na mshenga asiambiwe la kusema."

Njiani nilimwomba Mzee Kondo radhi. Akasema, "Nimekusamehe, ila baiskeli utaisukuma wewe." Nikaisukuma kutoka Mtoni mpaka Kinondoni, na yeye anatembea mbele akiimba.

Na Jumatatu nilimwuliza bwana mkubwa swali langu. Hakunijibu, akanihamishia ghala la katani. Huko nikaanza kuuliza habari za katani.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nawe uipime kabla ya kuimeza. Uliza. Asiyeuliza huishia kunywa alichokorogewa. Lakini swali lako lipeleke mlangoni kwa mwenye jibu, hata kama mlango huo unakutisha. Usilipakie mgongoni kwa mtu anayekupenda, akatukanwa kwa niaba yako, kisha ukajiita jasiri. Na ukiwa na haki, kumbuka sukari ile: haikuwa mbaya, ilikuwa kwenye chai siyo. Tafuta anayeweza kukuonyesha tofauti, na ukimpata, muoe, au ukubali akuoe.

Bibi yako huyo anachemsha mkandaa jikoni, namsikia. Mungu akupe ulimi usiochoka na masikio yanayoutangulia. Akupe mlango utakaofunguliwa hata ukifika na kikapu kibaya, na mtu wa nyuma ya pazia atakayesema bila kuulizwa. Haya, pokea kikombe chako, kingali cha moto.