Padri Sofronie na Maharagwe ya Mfukoni

Alizaliwa mwaka 1871 kijijini Poiana Viilor, Besarabia, nchi ya mizabibu, katika nyumba ambayo pipa la divai lilikuwa karibu na picha takatifu, na sijui kipi kiliheshimiwa zaidi. Mwaka 1896 akapewa upadri. Kila Epifania alipita nyumba kwa nyumba akinyunyiza maji ya baraka, na kila nyumba ilimpa glasi ya divai. Kuikataa ni kumtukana marehemu wa nyumba ile aliyepanda mizabibu. Nyumba sitini, glasi sitini! Nao wanakijiji wakamsifu, "Padri wetu hayumbi!" Wanafiki wakubwa! Walikuwa wanamuua huku wakimbusu mkono.

Asubuhi moja ya mwaka 1909, akibatiza, mikono ilimtetemeka na kichanga kikamponyoka majini. Zamfira, mkunga, akakidaka.

"Padri, wewe ni mlevi."

"Mimi? Umewahi kuniona nimeanguka, mama?"

"Kuanguka nini! Mikono yako haitulii mpaka upate glasi ya kwanza. Haya, shika maharagwe haya. Kila glasi, hamisha moja toka mfuko huu uliweke katika ule. Jioni hesabu yake usiniambie mimi, jiambie mwenyewe."

Mwanzoni alijidanganya: glasi ya msibani hakuihesabu, ya harusini hakuihesabu, eti hizo ni heshima. Siku ya tatu alizihesabu zote, na kabla ya adhuhuri mfuko wa kwanza ulikuwa mtupu. Jumapili akayamwaga maharagwe mbele ya waumini. "Jana nilijaribu kuacha, nikashindwa," alisema. "Nisaidieni."

Nani alimsaidia? Zamfira peke yake! Alimpunguzia divai kidogo kidogo, akamuuguza majuma mengi ya jasho na mitetemeko. Epifania iliyofuata Padri aliomba maji ya kunywa, na Toader, mzee wa kanisa, akamfungia lango. "Kwani pipa la baba yangu lina sumu?" Malango arobaini yakafungwa siku ile. Padri akayabariki akiwa nje, thelujini. Hakunywa tena, isipokuwa tone la kikombe kitakatifu.

Alifariki mwaka 1931, akiacha agizo moja: "Kaburini kwangu mwageni maji." Wapi! Siku ya arobaini tulimwaga divai, tukagawiana glasi za kumkumbuka. Watu husema maharagwe huota pale kila mwaka bila mpanzi. Na yaote, yatusute!

Kichanga kile kilichoponyoka majini ndiye mimi, shemasi ninayeandika haya. Glasi ya kaburini niliipokea, nikainywa, kwa heshima. Leo asubuhi mkono ulioshika kalamu hii unatetemeka. Nimetia maharagwe mfukoni. Nawe ndugu yangu, tia yako, na ya msibani uihesabu.