Madigadi ya Mwalimu wa Hesabu

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, mimi ni dobi. Watu wakituuliza tulikutana wapi, huwajibu: kwenye kola. Alileta blauzi, nikaipiga pasi, akarudi na nyingine, basi yakawa hayo. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na miaka yote hiyo hajafua hata leso. Akivua nguo anaitupa kwenye tenga nyuma ya mlango, kesho yake anaikuta kwenye hanga. Sijisifu, lakini kola zangu zinaweza kukata mkate.

Sasa, dobi ana mwiko wake. Marehemu baba alinifundisha kabla hata sijajua kushika pasi: doa haliulizwi. Mtu akileta shati lenye rangi ya mdomo begani, wewe fua. Suruali ina damu, fua. Ukianza kuuliza, leo utapata habari tamu, kesho hutapata mteja. Mwiko huo nimeushika maisha yangu yote, na ndio ulioniponza.

Muhula huu mwalimu alihamishiwa shule ya mbali kidogo. Akanunua baiskeli ya kukunja, ile yenye magurudumu madogo kama sinia, maana shuleni kwao hakuna pa kuegesha. Unaikunja, unaisukuma chini ya meza yako ofisini, imekwisha. Haikuja na madigadi, na kwa jua lile nani angekumbuka tope? Kisha mvua zikaanza. Zinanyesha alfajiri, mtu akitoka zimeshakatika, ila barabara ni madimbwi matupu.

Blauzi ya kwanza niliikuta tengani ina mchirizi wa tope mgongoni, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola, umenyooka kama umepigwa rula. Nikasema moyoni, ah, mwenyewe anajua. Nikaloweka, nikasugua, nikapiga pasi. Ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Wiki sita! Tena nasema kweli, nilikuwa najivunia, maana hakuna hata moja iliyobaki na alama.

Wakati huohuo mke wangu alikuwa ananyong'onyea. Chakula anakichokonoa tu, ukimsemesha anashtuka. Ijumaa moja jioni akanieleza yote. Darasa lake jipya linamcheka. Akiwatazama, wametulia tuli. Akigeuka kuandika ubaoni, kicheko. Amebadilisha mwandiko, amebadilisha viatu, ameacha na ile sketi ya kubana, wapi! Miaka ishirini na miwili ya kufundisha, akasema, na leo anaogopa kuwapa watoto mgongo. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Mwisho wa mwezi ataipeleka, aende akakae dukani kwa dada yake auze vitasa.

Kumbe hajui! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Wewe ungesema palepale, najua, kila mtu ni hodari kwa mambo ya mwenzake. Mimi nilijikaza kisabuni, nikamwambia kesho Jumamosi, twende tukaitie ile baiskeli madigadi.

Fundi baiskeli ni rafiki yangu wa siku nyingi. Alituwekea aina mbili juu ya benchi. Kulikuwa na madigadi mafupi ya plastiki, ya kubana chini ya kiti, mepesi, na baiskeli inakunjika bila shida. Na kulikuwa na marefu ya bati, yanashuka nyuma karibu yaguse ardhi. Hayo ni kinga kamili, lakini tulipojaribu kuikunja, mkia wa bati uligonga fremu, baiskeli ikabaki imeachama. Mke wangu akachagua mafupi. Nikasema marefu. Akasema marefu hayakunjiki. Nikasema ataiacha nje. Akasema itaibiwa. Fundi, spana mkononi, akasema shemeji ana haki. Nikamwambia yeye ashughulike na grisi yake.

"Kwani una nini leo?" mke wangu akaniuliza. "Tunagombania madigadi ya nini? Mwisho wa mwezi sina hata pa kwenda na hiyo baiskeli."

Baba anisamehe huko aliko.

"Wanachocheka ni mgongo wako," nikasema. "Gurudumu la nyuma linakuchora tope kila siku, tangu mvua zianze. Mimi nalifua."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda cha fundi, akalitazama lile gurudumu. Fundi akajifanya anatafuta nati chini ya benchi.

"Wiki sita," akasema. "Umenifulia aibu wiki sita, ukaipiga na pasi."

Nikamwambia nilidhani anajua. Nikamwomba radhi. Nikauliza, kwani walimu wenzake hawana macho? Akasema wale ni wageni kwake, bila shaka kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema. Kisha akasema ni kweli nyani haoni kundule, lakini nyani huyu ana mume. Tukarudi nyumbani bila madigadi, na Jumapili nzima hakunisemesha.

Jumatatu asubuhi nikamwona anaitoa tengani blauzi ya Ijumaa, ambayo sikuwa nimeifua, na mchirizi wake vilevile, anaivaa. Nikamwambia hiyo chafu. Akasema anajua, nisiiguse. Akapanda baiskeli akaenda zake. Siku hiyo niliunguza shati la mteja, na mimi kuunguza shati ni kama rubani kusahau mlango.

Alirudi jioni, na baiskeli ina madigadi ambayo sijawahi kuyaona. Akanisimulia. Aliingia darasani na blauzi ileile ya tope, akasimama akawapa mgongo, akangoja kicheko kilipuke. Kisha, bila kugeuka, akawauliza tope limefikaje pale. Akachora gurudumu. Tope likiachia tairi linaruka kwa mstari ulionyooka, sasa ni tope la sehemu gani ya tairi linalofika mgongoni? Akaileta baiskeli, wakapima gurudumu, wakapima kiti, wakachora mistari. Akawaeleza madigadi ya fundi ya aina mbili, wakagundua yote yamekosea. Mafupi yanaachia wazi palepale tope linaporukia juu, na marefu yanaziba hata tope ambalo lingeanguka chini lenyewe. Dawa ni kuchukua yale marefu na kuyakata nyuma, usawa wa ekseli, pale katikati ya gurudumu. Akampelekea fundi mchoro, fundi akakata kwa msumeno huku akinung'unika kwamba hajawahi kupewa amri na darasa zima. Wakaikunja, haikugonga kitu.

Mimi nilikuwa na swali moja tu moyoni.

"Walicheka sana?"

"Mpaka wengine walilala juu ya madawati. Na mimi nikacheka."

"Halafu?"

"Halafu nikageuka kuandika jibu ubaoni. Kimya. Nikadhani wametoka nje. Nilipochungulia begani, wote wameshika kalamu, wananisubiri nimalize."

Nikamuuliza, na ile barua? Akaniambia nisogeze pasi yangu mezani, ana madaftari arobaini ya kusahihisha.