Chuma Nilichokitia Motoni

Andika, Neema. Baba yangu alikuwa Byamungu, mhunzi, mzaliwa wa upande wa Walungu. Mama yangu alikuwa Nsimire, mzaliwa wa Kabare. Wote wawili sijui walikozikwa.

Mwanangu utakayesoma haya, iko siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka. Baba alikuwa na donge la chuma lililoanguka kutoka angani enzi za babu yake. Alilifunga katika ngozi, akatukataza kulitia motoni. "Hatujui limetoka wapi," alisema, "basi tuliache kama lilivyokuja." Mimi nilitaka vijana wenzangu waone kwamba uhunzi nimeuweza. Baba alipokwenda msibani, nilivuta mvukuto mchana kutwa, nikalifua donge lile likawa kisu.

Aliporudi alikigeuzageuza. "Kisu kizuri," akasema. "Sasa kinafanana na visu vyote." Hakuniita tena penye tanuri lake. Vita ikatutenganisha, ikanileta hapa ugenini, nami bado nikidhani ni ukali wa mzee tu.

Mwaka huu wa elfu mbili na saba, Neema huyu anayeniandikia, mjukuu wangu anayesomea mawe katika chuo kikuu hapa Birmingham, alinichukua nyumbani kwangu Stechford, tukapanda treni mbili hadi chuoni kwake. Akaniwekea mkononi kipande cha chuma cha angani. Uzito wake niliutambua kabla sijakitazama. Juu yake mistari ilipishana kama mkeka uliosukwa.

"Babu, hiki kilikuwa moyo wa dunia ndogo," alisema kwa Kiswahili chake kinachochechemea. "Iliyeyuka, chuma kikazama katikati, mawe yakabaki juu. Kikapoa polepole sana, mamilioni ya miaka, ndiyo mistari ikajichora. Kisha dunia ile ikagongwa, ikavunjika. Mistari inatuambia ilikuwaje."

"Na mtu akikifua motoni?"

"Ai, Babu! Nani atafanya ujinga huo? Inafutika yote."

Nikatafuta kiti.

Hata sasa Neema anasita kuandika kosa langu. "Niseme ulikuwa mtoto?" ananiuliza. Hapana. Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu.

Mwanangu, kitu usichokijua asili yake usikigeuze ili usifiwe. Ambaye angeweza kulisoma donge la baba alikuwa hajazaliwa, nami sikumsubiri.

Neema, maneno haya yahifadhi kama nilivyoyatamka, pamoja na aibu yangu. Usiyapambe. Mungu akujalie macho yanayoona, na mikono inayojua kutulia.