Shubiri Tatu za Maji

Mafundi wenzake walimwita Mama Matangi, kwa miaka ishirini aliyokuwa akiingia ndani ya matangi na brashi ya waya na mashine ya kuchomelea. Alijivunia jambo moja: hakuwahi kumkatia mtu maji. Ndiyo maana hospitali ya wazazi ilimwita tangi lake moja lilipooza kitako kwa kutu.

Matangi yalikuwa mawili juu ya mnara mmoja. Alitandika bomba la pembeni ili lile zima lihudumie wodi peke yake, akalikausha lile bovu, akaingia kukwangua kutu.

Siku ya pili akaona jambo. Saa sita hadi saa nane mchana, pampu ikizimwa ipoe, maji ya tangi zima yalishuka shubiri tatu. Saa hizo wodi zimetulia. Hazimalizi hata shubiri moja.

Mwendesha pampu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kazi ile ya matangi alitaka apewe rafiki yake.

"Shemeji, maji yanakwenda wapi?"

"Kwani maji yana miguu? Si wewe uliyefungua mabomba?" Akacheka, huku akitazama pembeni.

Huyu ana lake jambo, Mama Matangi aliwaza. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na wafyatua matofali, nao hawatosheki na maji. Na ule mpira wa maji kwenye kibanda cha pampu, mbona umelowa?

"Nimeosha sakafu," shemeji alijibu kabla hajaulizwa.

Jibu lisilo na swali likamzidishia shaka. Kesho yake saa sita akaaga kwamba anakwenda kula, akazunguka, akapanda mnara, akajifungia ndani ya tangi kavu. Joto lilimkamua jasho. Alichungulia kwenye mfuniko.

Shemeji akapanda ngazi akigeuka nyuma kila hatua. Mkononi alikuwa na fimbo. Akaizamisha katika tangi zima, akaitoa, akaichora alama kwa mkaa.

"Shemeji! Unafanya nini?"

Fimbo nusura imponyoke. "Nakupima wewe! Tangu uje, maji yanapungua. Nilijua unawapa wafyatua matofali."

"Mimi? Mimi nilijua ni wewe!"

Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aone haya kwanza.

Wakashuka. Mama Matangi akafuata bomba lake la pembeni, akaweka sikio kwenye kila kiungo. Kimoja kilivuma. Pale alikuwa ameunga kwenye bomba kuukuu la plastiki ili asichimbe sana. Wakachimba, jembe likazama kwenye tope. Bomba lile lilikuwa na tawi la kwenda kwenye chumba cha kufulia kilichobomolewa zamani, na mwisho wake ulikuwa wazi. Lilivuja usiku na mchana. Pampu ikifanya kazi ilifidia; ikizimwa tu ndipo uvujaji ulipoonekana.

"Basi ni mkono wangu," alisema. Hakutafuta pa kujificha.

Wodini kulikuwa na mama aliyekuwa akijifungua. Mama Matangi hakufunga koki yoyote. Alilibana lile tawi kwa kibano cha chuma, akakaza nati kidogo kidogo hadi mvumo ukakatika, ndipo akalikata na kuliziba. Bomba la wodi halikutetereka.

Muuguzi mkuu alipoelezwa, aliuliza tu, "Na ninyi mlikuwa mnatiliana shaka?"

Siku nne shemeji alimsalimia kwa kichwa tu. Ya tano alimletea chai mnarani, na Mama Matangi, kabla ya kunywa, aliinusa.