Lolipopu Mia Mbili za Asali ya Mti

Dada yangu anaishi Marekani, mahali ambapo miti, kwa maelezo yake, hutoa sukari. Alipokuja likizo alituletea makopo sita ya ile asali ya mti, wenyewe wanaiita mepo, pamoja na maagizo mengi kuliko makopo. "Ukitaka kutengeneza peremende, usipike yote kwa mpigo," aliniambia kabla ya kurudi. Mimi ni afisa wa mipango katika ofisi moja mjini Kisii. Nimehudhuria semina za ufanisi, na vyeti ninavyo. Ningefundishwa kuchemsha kitu kitamu?

Basi kanisa letu hapa Kiogoro likatangaza Sabato ya watoto, na mwenyekiti wa akina mama akauliza nani angeleta peremende. Mkono wangu ulipanda kabla ya akili. Niliahidi lolipopu mia mbili za kutengenezwa nyumbani, zisizo na rangi za dukani. Akina mama wakanipigia makofi. Makofi yamewaponza wengi.

Jumapili asubuhi mama alikuja kutoka Nyamarambe na mkungu wa ndizi, akanikuta nimemimina makopo matatu kwenye sufuria tunayopikia wageni wa harusi. Alivuta kigoda, akaketi.

"Hiyo itafurika," akasema.

"Mama, huu ni uzalishaji wa kiwango kikubwa."

Ikafurika. Povu lilipanda kama maziwa, likazima gesi, likateremka kabatini, kisha likaelekea sebuleni bila haraka, kama mgeni aliyealikwa.

Kilichobaki nilikichemsha tena mpaka tone lake, nilipolidondosha kwenye maji baridi, likaganda na kuvunjika ka! Hapo ndipo nilipojiona bingwa. Ubingwa wangu ulidumu lolipopu kumi na moja. Nilipochota ya kumi na mbili, mwiko haukutoka. Nikauvuta kwa nguvu, sufuria nzima ikainuka nao.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Yaya," alisema, yaani hapana, kwa lile neno la nyumbani ambalo halina rufaa. "Sasa umemaliza ya semina. Niachie mimi."

Jumanne nikaomba ruhusa ofisini kwa sababu za kifamilia, na wala sikudanganya. Mama alirudi na vibao viwili vya jiwe la sabuni, lile laini la kuchongwa. Mjomba wangu, ambaye huchonga vinyago vya watalii, alikuwa amechimba kwenye kila kibao vishimo ishirini, kila kimoja na mfereji mwembamba wa kulaza kijiti. Mama aliomba birika la chai.

Tukapika nusu kopo kwa wakati mmoja, na siagi kidogo ya kutuliza povu. Ikiiva, tunaihamishia kwenye birika lililopashwa moto, na mdomo wa birika unajaza vishimo moja kwa moja, bila kijiko. Kibao kimoja kikipoa, kingine kinajazwa. Nilifunga kila lolipopu kwa karatasi ya kuokea papo hapo, maana mvua ya Kisii ikishafika, unyevu huzigandisha zote zikawa bonge moja. Kufikia saa saba mchana tulikuwa na mia mbili na nne. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuona cheti cha ufanisi, si haba.

Mama alilamba mojawapo ya zile nne za ziada.

"Ina harufu ya sukari nguru ya miwa," alisema. "Ya nyumbani kabisa. Nami miaka yote hii nilidhani mwanangu huko Marekani anakula baridi tu."

Nikampa nyingine.

Siku ya Sabato watoto walizimaliza kabla ya mahubiri kufika katikati, na wazazi wakapata kazi ya kufuta vidole. Mwenyekiti alisifu mpango wangu mzuri. Nilisimama nikasema mpango ni wa mama, ingawa, nakiri, nilisema kwa sauti ya chini.

Baada ya ibada mama alimpigia dada simu ya video, akataka aonyeshwe huo mti. Dada alitoka nje na koti lake, akachuma jani, akalileta karibu na kamera.

"Hilo ni jani la mpapai," mama akasema.

"Si mpapai, mama."

"Mpapai uliopigwa na baridi."

Wakabishana hivyo kwa muda mrefu, wote wawili wakicheka, nami nikaenda kuosha vyombo.