Kontena Lililoitikia Salamu

Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Uwanja mzima wa makontena, kuanzia mlinzi wa geti hadi wakubwa wenye tai, walimwita Bi Plagi, kwa sababu kazi yake ilikuwa plagi. Miaka kumi na tisa alizunguka kati ya safu za makontena ya baridi yanayosubiri meli: anatazama kama waya umechomekwa, anasikiliza mashine, anasoma namba ya joto kwenye kioo chake kidogo, anaiandika kwenye fomu, anahamia la pili. Asubuhi, adhuhuri, alasiri. Samaki wa watu wakifika ng'ambo wameoza, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Kabla ya hapo alikuwa mkata samaki kwenye banda la kugandishia, na vidole vyake vikafa ganzi huko. Alikuwa anainua sufuria ya moto bila kitambaa, wifi zake wakadhani anajionyesha. Shule aliishia darasa la saba, lakini kwa sikio hakuna fundi aliyemfikia. "Hii inakohoa," alikuwa akisema, nao mafundi wanabinua midomo, na kesho yake mashine hiyo hiyo inazimika.

Ila alikuwa na jambo lake moja. Makontena ya baridi ni ya aina mbili. Matunda na mboga bado ni hai. Vinapumua humo gizani, vinatoa joto, na kando ya mashine kuna kidirisha cha hewa ambacho lazima kiachwe wazi, la sivyo vinajiua kwa pumzi yao wenyewe. Samaki na nyama iliyoganda havipumui, kidirisha chao hufungwa kabisa. Ukichanganya, umeua shehena. Wanawake waliomfundisha kazi, ambao wengine fomu yenyewe hawakujua kuisoma, walikuwa na njia yao ya kutokosea: kilicho hai unakisalimia na kukifungulia, kilichokufa unakipita kimya. Basi Bi Plagi akifika kwenye maparachichi alipiga kiganja juu ya bati, "Hamjambo humo ndani?" na kufungua kidirisha. Akifika kwenye samaki, alibana mdomo kama mtu anayepita makaburini. Madereva wa winchi walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali. Bi Plagi alitoka nyumbani amevimba kwa hasira. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alimwambia wakati wa chai, "Wewe utazikwa na waya mkononi. Acha kazi, upumzike."

"Nikipumzika na wewe humu ndani, nitazikwa mapema zaidi," alijibu, akaondoka chai haijaisha.

Basi akawa anatembea kwenye safu huku akiendelea kugombana na dada yake kichwani, akipanga alichopaswa kusema na hakusema. Mkono ukafanya kazi peke yake. Akapiga kiganja kwenye kontena la mwisho la safu ya sita. "Hamjambo humo ndani?" Akafungua kidirisha. Ndipo macho yakaangukia kwenye kioo: hasi kumi na nane. Samaki!

Kabla hajakirudisha kidirisha, ndani pakagongwa. Mara tatu. Polepole, kama mgeni mwenye adabu.

Akajiambia ni barafu inadondoka kwenye feni. Akagonga mara mbili kwa pete yake. Ndani pakagongwa mara mbili. Akagonga mara nne. Nne zikarudi. Hapo akaweka kiganja mbele ya kidirisha, na mkono ule uliokufa ganzi miaka yote, usiojua moto wala baridi, ukahisi pumzi. Ya joto. Inatoka, inakatika, inatoka.

Alikimbia, na Bi Plagi hakuwa mtu wa kukimbia.

Msimamizi wa uwanja alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa tatu, mwenye mkono mmoja kwenye simu na jicho moja kwenye saa. Alimsikiliza mpaka mwisho, hilo apewe haki yake.

"Mama, kontena hilo limefungwa siku nne. Hasi kumi na nane. Hata kama mtu alijificha humo, saa hizi ni tofali."

"Tofali haligongi."

"Barafu hugonga."

"Barafu haijui kuhesabu, mwanangu. Njoo."

Walikwenda, madereva wawili wakiwafuata kutafuta cha kucheka. Bi Plagi akagonga mara mbili. Kimya. Akagonga tena. Mashine ilivuma tu. Mmoja wa madereva akasema, "Labda wamelala, Bi Plagi, tusiwasumbue," na mwenzake akajishika mbavu.

"Meli inaondoka saa tisa," msimamizi akasema. "Lakiri ya forodha pale mlangoni haikatwi kwa ndoto. Likikosa meli, mama, mimi sitaweza kukutetea."

Bi Plagi alilijua hilo bila kuambiwa. Lakini alikuwa na lingine la kuogopa: kesho, keshokutwa, wiki tatu za bahari, na mtu humo anagonga kwa adabu, anangoja. Alikwenda kwenye kibanda cha mafundi, akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, na kabla mtu hajamdaka, akaikata lakiri. Kishindo chake kilinyamazisha kicheko.

Mlango ulipofunguliwa, moshi wa baridi ukamwagika miguuni mwao. Katoni zilijaa mpaka darini, zimenyooka, nyeupe kwa barafu. Lakiri ikishakatwa kontena halipandi meli, basi wapakiaji wakaanza kuzitoa na kuzihamishia kwenye kontena jingine. Saa sita, saa saba, saa nane. Bi Plagi alisimama mlangoni, akiitazama kila katoni inayotoka kama mzazi anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji. Ilipotoka ya mwisho, aliingia mwenyewe hadi kwenye ukuta wa nyuma. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na panya.

Nje, meli ikapiga honi ya kuondoka. Ikaenda bila samaki.

Kontena tupu likachomolewa waya, likaburutwa hadi mwisho wa uwanja. Msimamizi akaandika barua, na hakuandika kwa furaha: Bi Plagi amekata lakiri kwa imani za kishirikina, anaondolewa kazini. "Weka sahihi hapa, mama."

"Nitaweka. Kwanza twende tukalisome mara ya mwisho. Kazi yangu haijaisha mpaka jua lishuke."

Waya ukichomolewa, kioo cha mashine huendelea kuonyesha joto la ndani kwa betri yake ndogo. Walikuta namba thelathini na saba.

"Jua hilo," msimamizi akasema. "Bati limepigwa jua."

"Basi tutalikuta limepoa asubuhi. Barua yako haiozi."

Asubuhi kulikuwa na umande juu ya mabati yote. Walipita kwenye makontena matupu mengine: ishirini na moja, ishirini, ishirini na moja. Lile la mwisho lilikuwa thelathini na saba. Msimamizi alifuta kioo kwa mkono wa shati. Akafuta tena. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi minne, na namba hiyo aliijua vizuri, namba ya kwapa la mtoto asiye na homa. Bati lilikuwa kavu. Umande ulikataa kulikalia.

"Tulitazama kila mahali," alisema, sauti imeshuka. "Wewe mwenyewe uliingia."

"Niliingia."

Msimamizi akaitoa ile barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakuitaja tena. Kwenye ripoti aliandika kwamba mashine ilikuwa na hitilafu, na kazi ya Bi Plagi ikabaki kuwa ya Bi Plagi.

Kampuni yenye kontena imeandikiwa mara mbili na haijajibu. Madereva hawapiti upande ule. Kila asubuhi wanakwenda wawili, msimamizi na Bi Plagi, kwa kuwa hakuna anayetaka kwenda peke yake, wanasoma na kuondoka.

Juzi waliikuta namba imefika thelathini na tisa na nusu.

Msimamizi alimtazama Bi Plagi. Bi Plagi, aliyelea watoto wanne, alivua mtandio wake, akaulowesha kwenye bomba la wazima moto, akaukamua, akaupanua vizuri na kuubandika juu ya bati. Kisha akasimama pale, mkono juu yake, akisubiri homa ishuke.